Sketi ya Ngozi na Kitambaa cha Kochi: Kazi ya Mikono katika Historia ya Mbulu na Hanang

Neno mfumo limekuwa kipenzi cha ofisi zetu. Tuna mfumo wa malipo, mfumo wa kodi, mfumo wa vyama vingi, na huduma zikikwama tunaambiwa kwamba mfumo uko chini. Bei zikipanda, wachumi hututangazia mfumuko. Wachache husita kukumbuka kwamba maneno hayo mawili yametoka mikononi mwa mtu aliyeshika uzi. Kufuma ni kuunganisha nyuzi zikawa kitu kimoja. Kufumua ni kuzitengua. Kilichofumuka ni kile ambacho mshono wake umeachia. Dola, basi, hujieleza kwa msamiati wa mfumaji, ilhali mfumaji mwenyewe haonekani katika vitabu vyake.

Nataka kumzungumzia mfumaji huyo, na hasa yule wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Aliyewahi kupanda kwenda Mbulu mwezi wa Juni au Julai hahitaji kuelezwa kwa nini sweta na shali vina heshima yake kule. Lakini kazi ya sindano ya nyanda hizi haikuishia kwenye baridi. Ingia katika sebule ya nyumba ya makamo, iwe Dongobesh, Haydom, Endasak au Katesh, utakuta kochi limevikwa vitambaa vyeupe mgongoni na mikononi, stuli ina chake, meza ina chake kikubwa chenye maua ya duara, na katika nyumba za wazee redio nayo ilikuwa na kava lake la kufumwa, kana kwamba sauti ya Radio Tanzania ingepata mafua.

Katika somo langu la historia ya uchumi huwapa wanafunzi zoezi la kuorodhesha kazi zote alizozifanya bibi yao katika mwaka mmoja. Wengi wao ni watumishi wa umma wanaojiendeleza, watu waliozoea orodha. Huandika kulima mahindi na maharage, kupalilia ngano, kukamua, kuchota maji, kutafuta kuni, kulea. Kisha huwauliza kama sebule ya bibi ilikuwa na vitambaa. Darasa hucheka, kila mtu anavikumbuka. Na nani alivifuma? Bibi. Mbona hamkuviandika? Jibu ni lilelile kila mwaka: hiyo ilikuwa hobi tu, Mwalimu.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Hobi ni shughuli ya muda wa ziada, ya mtu aliyekwisha kumaliza kazi. Ili tukubali kwamba bibi wa Mbulu alikuwa na hobi, lazima kwanza tumpatie muda wa ziada, na historia haituruhusu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo si waraka wa wanaharakati wa kike, lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini walikuwa wakifanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Mwanamke huyo alifuma akiwa kwenye foleni ya kliniki, akichunga ndama, akisubiri maharage yaive. Tunayemwita mtu wa hobi alikuwa akifanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Turudi nyuma, kabla uzi wa dukani haujafika.

Miongoni mwa Wadatooga, na hasa Wabarbaig wanaoishi kuuzunguka Mlima Hanang, mwanamke aliyeolewa alivaa sketi ya ngozi ya mbuzi iitwayo hanang'weanda, iliyokatwa vipande virefu vyembamba vinavyocheza anapotembea. Wabarbaig waliieleza kuwa ni zawadi ya Udameselgwa, roho wa kike. Haikuwa vazi la kawaida. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi kati yao miaka ya 1950, alieleza kwa kirefu baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademga, ambalo liliweza kumshitaki mwanamume aliyevunja haki au heshima ya wanawake, likamhukumu na kumtoza faini ya ng'ombe. Wanasheria wanaonisoma wapime jambo hilo: mahakama ya wanawake, yenye mamlaka juu ya wanaume, katika jamii ambayo maofisa wa kikoloni waliizoea kuiita ya kishenzi. Sketi ile ilikuwa alama ya uanachama katika daraja la watu wenye nguvu hiyo ya kisheria.

Wairaqw wa nyanda za juu walikuwa na lao. Wasichana walipopita katika jando la kike lililoitwa marmo walikaa utawani, na humo walishona sketi za ngozi zilizonakshiwa kwa shanga, safu kwa safu, kwa michoro ambayo leo wataalamu wa sanaa duniani wanaitazama kwa mshangao. Serikali ya Mwingereza iliipiga marufuku marmo karibu na mwaka 1930. Wapo watakaosema ilikuwa heri, maana utawa ule ulikuwa na mambo yake magumu. Siandiki kuitetea. Nasema tu kwamba marufuku ile ilifunga pia karakana: mahali ambapo kila msichana wa Kiiraqw alifunzwa ufundi mkubwa na wanawake wenzake, na kutoka akiwa amevaa cheti chake kiunoni.

Pengo hilo halikukaa wazi muda mrefu. Lilijazwa na sindano ya misheni. Na hapa ndipo historia inapokuwa tamu kuliko tunavyofundishwa, kwa sababu wageni waliokuja Mbulu walitoka katika nchi ambazo zilijua vizuri kwamba uzi si mchezo.

Chukua upande wa Kikatoliki. Mbulu ilifanywa eneo la kitume linalojitegemea mwaka 1943 chini ya Wapallottini, na kiongozi wake wa kwanza, Patrick Winters, alikuwa Mwairishi. Masista wa Kiairishi wa Medical Missionaries of Mary wakaja kufanya kazi katika hospitali ya Dareda. Sasa, Ireland ni nchi gani katika historia ya uzi? Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ulileta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwakimbiza wengine kama hao ng'ambo ya bahari. Katika njaa hiyo, masista wa Blackrock huko Cork waliwafundisha wasichana kufuma lesi kwa sindano moja yenye ncha ya ndoano. Huko Clones, mke wa mchungaji wa Kianglikana aitwaye Cassandra Hand alianzisha kazi hiyohiyo mwaka 1847. Lesi ya Kiairishi ikauzwa London na Paris, na kaya nyingi zilinusurika kwa vidole vya mabinti zao. Kwa Mwairishi wa karne ile, kitambaa kilichofumwa kilikuwa mkate.

Upande wa Kilutheri una kisa kinachonivutia zaidi. Misheni ya Kilutheri ya Norwei iliyojenga Haydom ilianza mwaka 1891 kwa kazi ya China. Milango ya China ilipofungwa baada ya mapinduzi ya 1949, wamisionari wakaelekezwa kwingineko, Mbulu ikiwa mojawapo, na hospitali ya Haydom ikafunguliwa mwaka 1955. Fedha za misheni za Norwei zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa zilitoka kwa vyama vidogo vya waumini vijijini, na vingi vilikuwa vya wanawake. Desturi hiyo ilianza katika miaka ya 1840, wakati Gustava Kielland, mke wa mchungaji wa Lyngdal, alipowakusanya wanawake wa shamba wasiokuwa na fedha mkononi. Walisokota sufu, wakafuma, wakauza, wakatoa fedha. Desturi ikaenea nchi nzima. Wanawake hao wakazoea kuwa na mwenyekiti, mweka hazina na kumbukumbu za vikao. Katika chama kikongwe cha misheni cha nchi ile walipata haki ya kupiga kura mwaka 1904, miaka tisa kabla wanawake wote wa Norwei hawajapata kura ya taifa, mwaka 1913. Soksi zilitangulia katiba.

Mgonjwa wa Haydom, basi, alilala katika wodi ambayo nyuma yake kulikuwa na mapokeo ya karne nzima ya wanawake waliofuma na kuuza. Tungetarajia kwamba somo la sindano lingevuka bahari na maana yake yote: soko, chama, mweka hazina, kura. Halikuvuka hivyo. Katika shule za misheni na za serikali kote Tanganyika, sindano ya msichana iliwekwa pamoja na upishi na usafi wa nyumba, ikaitwa maandalizi ya kuwa mke mwema. Mvulana alifundishwa useremala ili aajiriwe. Msichana alifundishwa kufuma ili nyumba ya seremala ipendeze. Kile ambacho Ireland kilikuwa riziki na Norwei kilikuwa hazina ya chama, kwetu kilifika kikiwa pambo.

Serikali ya kikoloni ikalitia muhuri jambo hilo katika miaka ya 1950. Idara ya maendeleo ya jamii ilianzisha klabu za wanawake mikoani, na Baraza la Wanawake la Tanganyika likaundwa likiwa na mke wa Gavana Twining mstari wa mbele. Ratiba za klabu zilifanana: kushona, kufuma, kupika, kumwogesha mtoto. Siasa haikuwemo, na haikusahauliwa kwa bahati mbaya. Wanafunzi wa historia ya ukombozi wanajua kilichofuata. TANU ilipotaka wanawake mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed aliwapata kupitia vikundi vya ngoma na lelemama vya mjini, vilivyokuwa na uongozi wao wenyewe na ujasiri wa kupanda jukwaani. Klabu za sindano zilikwisha kulelewa zikae kimya.

(Mbulu yenyewe, kwa njia, haikuwa na tabia ya kukaa kimya. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichowaponyoka wagombea wake rasmi kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt alisimama kama mgombea binafsi akashinda. Wanaosema watu wa nyanda hizi hupokea kila wanachopewa wakumbuke tarakimu hiyo.)

Baada ya Uhuru, UWT iliundwa mwaka 1962 na kurithi, pamoja na wanachama, ile ratiba ya klabu. Shuleni somo likaitwa sayansikimu. Serikali ya wananchi haikuwa na chuki na mikono ya wanawake. Iliitaka mikono hiyo ifanye mambo ya kisasa. Na usasa ulikuwa na sura inayojulikana. Mwaka 1967 ilianza kampeni ya kuwavisha Wamaasai nguo za kitambaa, na shinikizo la namna hiyo liliwafikia pia Wabarbaig. Sketi ya ngozi ikawa ushahidi wa kubaki nyuma. Mwanamke aliyetaka kuheshimiwa zahanati au ofisi ya kijiji alijifunza kuivua.

Miaka ya 1970 watafiti na waandishi waliokuja Hanang waliangalia ngano. Walikuwa na sababu: mradi wa NAFCO uliofadhiliwa na Canada ulichukua malisho ya Wabarbaig katika tambarare za Basotu, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw iliyofika Mahakama ya Rufani mwaka 1985 bado inafundishwa katika vitivo vyetu vya sheria. Ardhi ikipotea, kila mtu anaona. Mahakama ya wanawake iliyokuwa ikivaliwa kiunoni ilififia bila kesi kufunguliwa popote.

Hata hivyo ningekosea kuwasilisha habari hii kama msiba mtupu, kwa sababu wanawake wenyewe hawakupokea sindano kama walivyopewa. Angalia walivyoitumia miaka migumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliiacha nchi haina fedha za kigeni. Maduka ya ushirika yalibaki na rafu tupu, na mwaka 1983 ikaja vita ya uhujumu uchumi, ambapo kuwa na katoni ya sabuni ndani ya nyumba lilikuwa jambo la kueleza. Uzi wa kufumia haukupatikana. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, mitumba ikaja, na ndani ya marobota mlikuwa na sweta za Ulaya, nyingine kubwa mno, nyingine zimetoboka viwiko. Mfumaji hakuziona kama nguo. Aliziona kama uzi. Alizifumua, akaviringisha uzi kuwa donge, akauosha, akautundika na kitu kizito chini yake ili unyooke, kisha akafuma upya: sweta mbili za watoto kutoka moja ya mtu mzima, kofia ya mtoto mchanga kutoka mikono iliyobaki. Leo mashirika makubwa huliita jambo hilo uchumi rejeshi na kulifanyia makongamano.

Na mshikamano wa vyama, ule uliofungiwa nje ya darasa la misheni, ulirudi kwa mlango wa kanisa lenyewe. WAWATA ilipoundwa mwaka 1972, na katika umoja wa wanawake wa KKKT vilevile, wanawake walikuwa na vikao, daftari na mfuko. Kitambaa kikapelekwa mnadani baada ya ibada pamoja na jogoo na debe la mahindi, kikanunuliwa, kikarudishwa, kikanadiwa tena. Bati la kanisa likapatikana. Kikapelekwa pia kwenye harusi, ambako mama wa binti aliyetoa seti kamili ya vitambaa alikuwa ametoa hoja mbele ya wakwe: huyu hakulelewa ovyo. Bila Gustava Kielland kutajwa na mtu yeyote, wanawake wa Mbulu walifika mahali palepale alipofika yeye.

Sasa niwageukie watumishi wa umma. Kanuni za kimataifa za kuandaa takwimu za pato la taifa, zile za mwaka 1993 na zilizofuata za 2008, zinasema kwamba bidhaa inayotengenezwa na kaya kwa matumizi yake yenyewe ni uzalishaji. Kupika na kulea viliachwa nje, uamuzi ambao wanauchumi wa kike wameupinga kwa haki. Lakini kusuka nguo, kushona mavazi na kutengeneza vyombo vimo ndani, ilimradi kiasi chake ni kikubwa vya kutosha kuhesabika. Kwa hiyo kitambaa cha kochi la bibi si hobi hata kwa sheria ya watu wa takwimu. Kinaitwa hobi kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kukihesabu, na hakihesabiwi kwa sababu kinaitwa hobi. Tufanye hesabu ya kukisia: tuseme kitambaa kimoja kinachukua saa kumi, na sebule ina vitambaa kumi na viwili. Hizo ni saa 120, siku kumi na tano za kazi ya ofisini. Zidisha kwa sebule za tarafa moja tu.

Jambo hili lina uzito wa fedha. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa mwaka 2023 kutokana na ubadhirifu, ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha ufugaji wa kuku hupita katika fomu bila maswali, maana ofisa anaijua kuku. Kikundi cha ufumaji huulizwa soko liko wapi, swali la haki kabisa, hasa siku hizi ambapo lesi ya kiwandani kutoka China inauzwa kila gulio. Ninachopinga ni kwamba swali hilo huulizwa kwa tabasamu, kama mtu anayezungumza na watoto. Muulizaji angeanza na baridi ya Mbulu, na sare za shule, ambazo sweta ni sehemu yake, na wodi za wazazi, ambako kila mtoto anayezaliwa anahitaji kofia ya joto kabla hajahitaji jina. Halmashauri ni mnunuzi mkubwa kuliko gulio lolote.

Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walipoteza maisha. Msaada ulikuja kwa wingi, na ulikuwa wa lazima: chakula, magodoro, mablanketi. Nikitazama picha za sebule zilizojaa tope hadi dirishani, niliona pembe ya kitambaa cheupe kwenye mgongo wa kochi lililozama. Katika tathmini za maafa tuna safu ya nyumba, safu ya mifugo, safu ya mazao. Miaka ishirini ya jioni za mtu haina safu.

Sketi za shanga za wasichana wa Kiiraqw zimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo, katika mwanga hafifu usioharibu ngozi. Lebo zake hutaja kabila, nchi, ngozi, shanga, na karne inayokadiriwa. Jina la msichana aliyeshona halipo, kwa sababu aliyeichukua hakuliuliza. Vitambaa vya makochi bado viko Mbulu na Hanang, na wengi wa waliovifuma bado wanaishi, na majina yao yanajulikana na kila mtu wa kijiji.